Pevingi za juu, mafuriko ya chini

Ndugu Mhariri,

Kila masika mjadala wa mafuriko hapa Arusha huishia kwenye mitaro: haitoshi, imejaa takataka, Halmashauri iongeze mingine. Mimi ni fundi wa kulaza pevingi, yale matofali ya zege ya kutandika uani. Kazi hunipeleka kwenye nyua za Sakina, Ilboru na Sekei, lakini kwangu ni Sombetini, huku maji yanakoshukia. Naomba nafasi niseme jambo ambalo sisi mafundi hatulisemi kwa kuwa linagusa mifuko yetu: huko juu tunaziba ardhi kupita kiasi.

Hesabu yake haihitaji mhandisi. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Mvua ya milimita 30 ikinyesha kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 30, hizo ni lita 18,000. Kiwanja kikiwa na migomba na majani, sehemu kubwa inazama. Siku hizi bati limechukua nusu na pevingi nusu nyingine, kwa hiyo karibu maji yote yanatokea getini. Hicho ni kiwanja kimoja tu, na mtaa una vingapi?

Pevingi yenyewe haina kosa. Ikilazwa juu ya kokoto safi zisizo na vumbi, na maungio yakajazwa kokoto ndogo, maji hupita chini. Tunachoagizwa ni kingine kabisa: "Fundi, mimina rojo ya simenti kwenye maungio, sitaki majani yaote. Na mwinamo uelekee getini." Basi tunashindilia kifusi kwa kompakta, tunalaza, tunamimina rojo, tunafagia, tunalipwa kwa mita ya mraba. Mvua ikikatika, uwanja wa bosi unakauka papo hapo naye anasifia kazi. Maji yake yako njiani kuja kwetu.

Mtaro wa zege hautibu hali hiyo peke yake. Unaharakisha maji, na mitaro mingi ikimwaga kwenye mito ya Naura na Themi kwa wakati mmoja, mto unapanda ghafla. Udongo wetu wa majivu ya volkano ya Meru hukatika upesi, ndiyo maana makorongo yanazidi kupanuka na kingo zinameguka nyuma ya nyumba za watu.

Dawa ninayoipendekeza, kama nitakavyoeleza, ni bustani za kuzamisha maji uani, ila sitaki kudanganya kwamba zinazuia kila kitu. Aprili 2024 gari la shule lilisombwa na maji kule Muriet, tukapoteza watoto. Kwa mvua ya namna ile tunahitaji makaravati makubwa, madaraja, na njia kufungwa mapema. China ilianza mwaka 2015 kwa miji 16 ya majaribio kujenga miji yenye kufyonza maji. Zhengzhou nao ukaufuata mpango huo, lakini Julai 2021 ukazama pale zilipoanguka milimita 201.9 ndani ya saa moja. Ninachozungumzia mimi ni mvua za kawaida, hizi zinazotulowesha magodoro kila mwaka bila kuandikwa gazetini.

Ombi langu ni moja. Anayeomba kibali cha ujenzi aonyeshe kwenye mchoro maji ya bati na ya uwanja yanaishia wapi, na jibu lisiwe "barabarani". Anaweza kuweka tangi. Anaweza kuchimba bustani iliyo chini ya uwanja kwa sentimita 15 hadi 20, walau mita tatu kutoka kwenye msingi na mbali na shimo la choo, alegeze udongo, achanganye mchanga na mboji, apande migomba, matete au majani ya vetiva, kisha mwinamo wa uwanja uelekee hapo badala ya getini. Wateja huniuliza habari za mbu. Maji yakizama ndani ya siku moja au mbili, mbu hana nafasi, kwa kuwa kutoka yai hadi mbu anayeruka ni kama wiki moja au zaidi. Yakikaa zaidi ya hapo, ujue pana udongo wa mfinyanzi au bustani imejaa tope, lizoe. (Na hilo la kuzoa ndilo gumu. Kuchimba kila mtu anapenda, kutunza hapana.)

Kingo za mito hazihitaji hata sheria mpya. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeshatenga mita 60. Zipandwe miti na majani, maana ukanda ulioachwa mtupu unaalika mjenzi. Dar es Salaam Serikali yenyewe imepanga kuligeuza bonde la Msimbazi pale Jangwani kuwa bustani ya jiji, baada ya miaka mingi ya kuhangaika na mafuriko.

Atakayesema watu hawatakubali, aangalie Philadelphia, Marekani. Wenye majengo ya biashara kule hutozwa ada ya maji ya mvua hasa kulingana na ukubwa wa eneo walilolifunika, na anayeyahifadhi kwenye kiwanja chake hupunguziwa. Kwetu si lazima tuanze na ada. Halmashauri ianze na viwanja vyake: shule, zahanati, ofisi za kata, maegesho. Zabuni ya pevingi ikitangazwa, iandikwe humo kwamba maungio yasizibwe kwa simenti na mwinamo uelekee kwenye bustani. Mkandarasi akikiuka, asilipwe. Sisi mafundi tutalaza tutakavyoandikiwa.

Fundi pevingi,
Sombetini, Arusha