Barua ya wazi kwa Rais wa Benki ya Dunia: mtaji wa mama usikatike

Mheshimiwa Rais,

Oktoba 2024 Benki yako ilitangaza kwamba ifikapo mwaka 2030 itakuwa imewafikishia mitaji wanawake na biashara zinazoongozwa na wanawake milioni 80 zaidi. Habari hiyo niliipokea kwa furaha, na bado ninayo. Nakuandikia kwa sababu nashika daftari la kikundi cha akina mama wanaoweka na kukopeshana, wengi wao wachuuzi, nami ni mmoja wao. Daftari hilo limenifundisha kwamba mama mwenye biashara ndogo mara nyingi mtaji anao, tena ameutafuta mwenyewe. Kinachomtesa ni kuulinda.

Kwenye ukurasa wa kila mwanachama kuna safu ya sababu ya kukopa. Mara ya kwanza imeandikwa "kuanza biashara". Miezi kadhaa baadaye, kwa mwandiko uleule: "kurudisha mtaji". Ukimuuliza ule wa mwanzo ulikwenda wapi, atakuambia ulikatika. Mtoto aliugua. Mume aliazima kidogo, akasema atarudisha. Au mgambo walipita.

Hilo la mgambo nilieleze, maana kwenye ripoti huwa linaitwa usafi wa mji. Mchuuzi wa chini hutandika turubai lenye kamba kwenye pembe zote 4, na kamba hizo hukutana karibu na mkono wake. Yowe likipigwa anavuta mara moja, bidhaa zinajikusanya kuwa furushi, anakimbia. Mwenye mtoto mgongoni naye huvuta vilevile, ila mbio zake si za kufika mbali. Furushi likichukuliwa limekwenda na mtaji wote. Faini ya kulikomboa humeza faida ya siku nyingi, na kama ndani mlikuwa na mbogamboga, anakuta zimeoza. Na siku ya marejesho haisogezwi. Ndipo anapoingia kwenye ile mikopo ya riba kubwa ambayo wenyewe wanaiita kausha damu, na kutoka humo ni kazi.

Mwaka 2014 India ilitunga sheria inayokataza kuwaondoa wachuuzi kabla hawajahesabiwa na kupewa vyeti. Sheria hiyo inataka wachuuzi wenyewe wawe asilimia 40 ya kamati ya mji inayopanga maeneo ya biashara, na theluthi yao wawe wanawake. Utekelezaji umesuasua katika miji mingi, lakini mchuuzi walau ana karatasi ya kuonyesha mbele ya afisa. Kanuni za Benki yako zilizoanza kutumika Oktoba 2018 nazo zinamtambua hata asiye na hati ya eneo, pale mradi wa Benki unapomwondolea riziki. Naomba moyo huohuo uvuke mpaka wa mradi. Serikali ikija kukopa kwa ajili ya kuwawezesha wanawake, iulizwe sheria ndogo za miji yake zinasemaje kuhusu kuchukua bidhaa za mchuuzi, nani anatoa risiti, na bidhaa hizo zinalala wapi. Haina maana mkono mmoja wa serikali umkopeshe mama asubuhi na mwingine umnyang'anye jioni.

Mkono mwingine unaokata uko nyumbani, na hapa nasema kwa upole. Kwa muda mrefu ilisemwa kwamba mtaji ukipewa mwanamke hauzai kama wa mwanamume. Watafiti wakazipitia upya takwimu za Sri Lanka, Ghana na India, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2019. Pale ambapo biashara ya mke ndiyo pekee ndani ya nyumba, mtaji wake ulizaa sawa na wa mwanamume. Tofauti ilitoka kwenye nyumba ambazo mume naye ana biashara, kwa kuwa fedha za mke zilikuwa zinahamia huko. Mume anayeomba simlaumu, nyumba ni ya wote wawili. Lakini fedha taslimu zikiingia ndani, kila mwenye shida anazijua. Nchini Uganda, akina mama ambao mkopo wao uliingizwa kwenye akaunti ya simu badala ya kupewa mkononi walikuwa na faida kubwa zaidi kwa asilimia 15 baada ya miezi 8. Mkopo ni uleule, umebadilika mlango wa kuingilia tu.

Halafu marejesho. Mkopo unaoanza kudai wiki ya pili humfanya mama anunue kile tu kinachogeuka haraka. Cherehani haiwezi kujilipa kwa wiki 2. Huko India pia, wakopaji waliopewa miezi 2 ya kupumua kabla ya rejesho la kwanza waliwekeza zaidi, na miaka 3 baadaye faida yao ilikuwa kubwa kuliko ya wenzao. Nakiri walioshindwa kulipa nao waliongezeka. Hasara hiyo ndiyo ningependa taasisi kama yako isaidie kuibeba, isiachiwe kikundi kidogo kama chetu.

Mahali pa kulelea watoto karibu na masoko sina haja ya kupaeleza sana. Pendekezo namba 204 la Shirika la Kazi Duniani la mwaka 2015, linalohusu uchumi usio rasmi, lilishalitaja suala la malezi. Shirika hilohilo lilieleza mwaka 2018 kwamba katika nchi zenye kipato cha chini zaidi, wanawake zaidi ya 90 katika kila 100 wenye kazi wako kwenye ajira zisizo rasmi. Mpango unaodai leseni na hesabu zilizokaguliwa unawaacha nje karibu wote.

Mwaka huu nimechora safu mpya kwenye daftari letu. Kila baada ya miezi 12 namuuliza mwanachama: mtaji ulioanza nao bado upo? Naomba safu hiyo iwepo pia kwenye hesabu yenu ya milioni 80, na mama asihesabiwe siku aliyopokea mkopo, ahesabiwe siku atakapojibu ndiyo.

Wako kwa heshima,
Katibu wa kikundi cha akina mama