Anayekoroma hajisikii, msemee kwa daktari

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na wanaolala chumba kimoja na mtu anayekoroma: mke, mume, ndugu, mwenzake wa bweni. Ninyi ndio mashahidi. Mwenyewe amelala, hajui linalompata, na daktari humwona mchana akiwa macho, anapumua kama watu wote.

Si kila anayekoroma ni mgonjwa. Wapo wanaokoroma wakishikwa na mafua au wakilala chali, basi. Cha kutisha ni kile kimya cha katikati. Mume wangu ni dereva wa lori. Alikuwa akikoroma kwa nguvu, mara kimya. Kifua na tumbo vinahangaika lakini hewa haipiti. Kisha hushtuka kwa mkoromo mkubwa, kama mtu aliyeibuka kutoka majini, akageuka, akaanza upya. Wakwe zangu walinituliza kwamba hata baba yao alilala hivyo, huo ni usingizi wa mtu aliyefanya kazi. Sikukubali. Nilimrekodi kwa simu, na sauti hiyo ndiyo iliyompeleka hospitali, kwani kabla ya hapo alisema namsingizia.

Ugonjwa wenyewe huitwa apnea ya usingizi. Mtu akilala, misuli ya koo hulegea. Kwa wengine hulegea mno, ulimi na nyama laini za nyuma ya kinywa zikaziba njia ya hewa. Oksijeni hupungua kwenye damu, ubongo humzindua ili avute pumzi, naye asubuhi hakumbuki lolote. Madaktari huhesabu kila pumzi inapokatika au kupungua sana kwa sekunde 10 au zaidi. Kwa mtu mzima, chini ya mara 5 kwa saa si tatizo. Kuanzia mara 30 hali ni kali. Mume wangu alikutwa na 41.

Dalili za mchana zilikuwepo, ila kila moja ilipewa sababu yake. Kichwa kumuuma asubuhi, ni jua la jana. Kuamka usiku kwenda haja ndogo, ni umri. Presha kutoshuka ingawa anameza dawa, ni mawazo. Kusinzia huku anaongea na wageni, ni safari. Mtu anayesinzia kwenye mazungumzo atasinzia pia kwenye usukani, na hapo hafi peke yake.

Wengi wanaogopa kipimo bila sababu. Hakuna sindano. Alipewa vifaa akalale navyo nyumbani: cha kubana kidoleni kinachosoma oksijeni, mrija mwembamba puani, mkanda kifuani. Wengine hulazwa usiku mmoja katika maabara ya usingizi, wakapimwa pia mawimbi ya ubongo. Sasa analala na barakoa yenye mashine inayosukuma hewa ili koo lisizibe, tiba iliyoanzishwa na Colin Sullivan na wenzake huko Australia mwaka 1981. Kuizoea kulimpa tabu kweli, lakini siku hizi anaamka mwepesi na presha imeanza kusikia dawa. Wenye hali nafuu huweza kusaidiwa na kupunguza uzito, kulala ubavu na kuacha pombe.

Msidhani ni ugonjwa wa wanaume wanene tu. Wembamba wanaupata, na wanawake, hasa waliokoma hedhi. Wanawake mara nyingi hulalamikia uchovu na kukosa usingizi, wakatibiwa mengine. Mtoto anayekoroma kila usiku, analala mdomo wazi, anakojoa kitandani na hatulii darasani, apelekwe akaangaliwe mafindofindo.

Ninawaomba madaktari wa kliniki za presha, na wote wanaopima afya za madereva, wamuulize mgonjwa kama anakoroma, kisha wamwite ndani anayelala naye wamsikilize. Na wewe unayejijua una tatizo hili, ukiandaliwa kwa upasuaji mwambie mapema mtaalamu wa nusu kaputi, kwa sababu dawa zake hulegeza koo hilohilo.

Msomaji wako,
Mke wa dereva