Kompyuta ya Kamera Inapojaa RAM: Chunguza Kabla ya Kununua

Simu nyingi tunazopokea kuhusu kamera za usalama za nyumbani hazihusu kamera zenyewe. Mteja huona picha zinakwama, programu ya kurekodi inajifunga usiku, au anatafuta tukio la saa 8 usiku na kukuta pengo. Akifungua Task Manager (dirisha la Windows linaloonyesha kinachotumiwa na kila programu) kwenye kompyuta inayorekodi, anaona RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, imefika asilimia 95. Wengi hukimbilia dukani. Sisi pia tunauza RAM, lakini tunamwomba kila mteja asinunue kabla ya kujua ni nini kinachoimaliza, kwa sababu yapo matatizo mawili yanayofanana kwa sura: kompyuta iliyobebeshwa mzigo kupita uwezo wake, na programu au draiva (programu ndogo inayoendesha kifaa cha kompyuta) inayochukua RAM bila kuirudisha, yaani uvujaji. La kwanza huweza kuisha kwa kuongeza RAM. La pili litaimeza na hiyo mpya, ila litachukua siku chache zaidi.

Kinachoyatofautisha ni muda. Washa kompyuta upya, acha kamera zote zirekodi kama kawaida, kisha andika kiasi cha RAM kinachotumiwa na programu ya kurekodi baada ya saa 1, baada ya saa 24, na tena siku ya tatu. Mzigo wa kawaida hupanda haraka, hufika kiwango fulani na kutulia hapo. Uvujaji hupanda kidogo kidogo usiku na mchana, hata pale ambapo hakuna mtu anayetazama skrini. Kwenye Windows tumia "Restart" na si "Shut down" unapoanza jaribio hili, kwa kuwa Windows 10 na 11 huwa na uwashaji wa haraka, ambao huhifadhi hali ya kiini cha mfumo na draiva kwenye diski na kuirudisha vilevile unapowasha. Draiva yenye kasoro huamka na kasoro yake, nawe ukadhani umeanza upya.

Wenye mashine za Linux nao wasishtuke bure. Linux hutumia RAM iliyo wazi kuhifadhi kwa muda yale yanayoandikwa kwenye diski, na mashine inayorekodi video huandika mfululizo, kwa hiyo amri ya free itaonyesha RAM iliyobaki ni kidogo sana. Safu ya kusoma ni ile ya "available", kwa sababu ndiyo inayoonyesha kiasi ambacho programu zinaweza kupewa zikihitaji.

Tukija kwenye mzigo, chanzo tunachokikuta mara nyingi zaidi ni video kufunguliwa katika ukubwa wake wote bila sababu. Tuchukue nyumba yenye kamera 8 za megapikseli 4, kila moja ikituma fremu (picha moja moja za video) 15 kwa sekunde kwa kasi ya megabiti 4 kwa sekunde. Video hiyo ikiwa imebanwa ni kama nusu megabaiti kwa sekunde kwa kila kamera, na kuiandika kwenye diski jinsi ilivyokuja hakuhitaji RAM nyingi. Lakini programu ikitaka kutambua mwendo au kuonyesha picha kwenye skrini, lazima ifungue kila fremu, na fremu moja ya pikseli 2560 kwa 1440 iliyofunguliwa huchukua takriban megabaiti 5.5. Hiyo ni megabaiti 83 kwa sekunde kwa kamera moja tu. Programu haiziweki zote, lakini hushika fremu kadhaa kwa wakati mmoja ili kufungua zinazofuata, na kiasi hicho huzidishwa kwa idadi ya kamera.

Kamera nyingi za kisasa hutuma mitiririko miwili: mkuu wa kurekodi na mdogo wa kutazamia. Mtiririko mdogo wa pikseli 640 kwa 360 una fremu ndogo mara 16 kuliko ile ya mfano wetu, nao unatosha kabisa kutambua mtu anayeingia getini. Kwa hiyo jambo la kwanza tunalofanya tukifika ni kuelekeza utambuzi wa mwendo na skrini ya kamera zote kwenye mtiririko mdogo, tukiacha mkuu uandikwe kwenye diski bila kufunguliwa. Pia tunaangalia sekunde zinazohifadhiwa kabla ya tukio. Sekunde 10 za video iliyobanwa katika mfano huu ni megabaiti 5. Programu ikizihifadhi zikiwa zimefunguliwa, ni megabaiti 830 hivi kwa kila kamera, au GB 6.6 hivi kwa kamera zote 8, na hapo hata GB 8 za RAM hazitoshi ukijumlisha mfumo na programu zenyewe.

Uvujaji unahitaji subira zaidi. Wateja hushangaa kwamba mara nyingi hujitokeza baada ya kufunga betri na inveta. Umeme ulipokuwa ukikatika mara kwa mara, kompyuta ilizimika na kuwaka upya, na RAM ikaanza upya nayo. Sasa mashine inakaa wiki nzima bila kuzimwa, na kasoro iliyokuwepo siku zote inapata nafasi ya kuonekana. Tafadhali usiondoe inveta kwa sababu hiyo, kwani kukatika ghafla kwa umeme huharibu rekodi na diski. Angalia kama RAM inayopanda ni ya programu ya kurekodi yenyewe, au kama jumla inapanda huku programu zote zikionekana ndogo. Hali hiyo ya pili, hasa namba ya "Non-paged pool" (RAM inayoshikwa na kiini cha mfumo na draiva) inapokua kila siku, huelekeza kwenye draiva, mara nyingi ya kadi ya mtandao au ya grafiki, na dawa ni kuweka toleo jingine la draiva hiyo.

Kama ni programu yenyewe, isasishe, kisha zima kamera moja baada ya nyingine kwa siku moja moja. Kwa nyumba za pwani, anzia na kamera za nje: chumvi ya bahari hula viunganishi vya waya, kamera inakatika na kurudi mchana kutwa, na baadhi ya programu huacha mabaki kwenye RAM kila zinapounganisha upya. Kubadilisha kiunganishi kilichoota kutu kunaweza kumaliza tatizo lililodhaniwa kuwa la kompyuta. Diski ya nje yenye kasi ndogo nayo ichunguzwe, maana video isiyoandikwa kwa wakati husubiri ndani ya RAM.

Kupanga kompyuta ijiwashe upya kila usiku tunakukubali kama hatua ya muda tu, kwa kuwa dakika hizo hakuna kinachorekodiwa.

Ukihitaji msaada wetu, tutumie picha tatu za Task Manager kwa vipindi tulivyovitaja, pamoja na idadi ya kamera na jina la programu unayotumia, ili fundi aje na draiva, kiunganishi au RAM inayohitajika kweli.