Boila isipokewe bila picha za mishono yake

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wamiliki wa viwanda, hoteli na hospitali za Moshi na Arusha, ambao hutengenezewa matangi ya shinikizo au kukarabatiwa boila, yaani mitambo ya kuchemshia maji, kisha huzipokea kwa kutazama rangi ya nje na jaribio la maji (kujaza maji na kuyapa shinikizo) peke yake.

Jaribio la maji silibezi, lakini linachothibitisha ni kwamba siku ile tangi halikuvuja wala kupasuka. Vipovu vya hewa vilivyonaswa ndani ya mshono, yaani mahali vyuma vilipounganishwa kwa kuchomelea, halivionyeshi, wala masalia ya slagi (takataka za kuchomelea), wala mahali ambapo chuma kilichoyeyuka hakikufika kwenye shina la kiungo, yaani chini kabisa ya mshono. Kasoro za namna hiyo huweza kuzaa nyufa taratibu kadiri boila inavyopata moto na kupoa, huku mshono ukiendelea kupendeza kwa nje.

Eksirei, au miale ya gama itokayo kwenye iridiamu-192, madini yenye mionzi, hupenya chuma na kuacha picha kwenye filamu iliyowekwa upande wa pili. Palipopungua chuma mionzi mingi zaidi hupita, na filamu hapo huwa nyeusi zaidi. Nimewahi kukaa mbele ya taa ya kusomea filamu pamoja na fundi aliyeapa kwamba kazi yake ni safi, tukauona mstari mweusi ulionyooka katikati ya mshono, mwembamba kama uzi. Shina halikuungana. Fundi yule hakubisha; alisaga mshono wote, akachomelea upya, tukapiga picha nyingine.

Picha haimalizi kila kitu, kwa kuwa ufa uliolala sambamba na filamu huweza kupita bila kuonekana, na hapo kipimo cha mawimbi ya sauti hufaa zaidi. Wanaohofia mionzi nao wana haki, maana iridiamu haizimwi kwa swichi: inapotolewa kwenye kasha lake la kinga, eneo huzungushiwa utepe na watu huondolewa. Kazi hii ni ya wenye leseni ya Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, yenye maabara Njiro, Arusha, karibu yetu kabisa.

Ombi langu ni kwamba mkataba useme wazi kuwa rangi haitapakwa wala malipo ya mwisho kutolewa kabla filamu hazijasomwa na mkaguzi asiyeajiriwa na karakana iliyochomelea, na kwamba filamu hizo, zikiwa na namba ya kila mshono, zitabaki mikononi mwa mwenye boila.

Mkaguzi wa mishono ya chuma,
Moshi