Mhariri, msiishie kwenye jalada: tupeni michoro yenye vipimo

Ndugu Mhariri,

Jumapili iliyopita ukurasa wenu wa teknolojia ulituchekesha kwa picha za matoleo ya zamani ya jarida la Marekani, Popular Mechanics: helikopta ya kila kaya, gari linalopaa, nyumba inayojisafisha. Mwandishi wenu alicheka, nami nikacheka naye. Lakini nilipofika mwisho nikaona wazi kwamba jarida lenyewe hajawahi kulifungua. Kuijua Popular Mechanics kwa majalada yake ni sawa na kuijua pilau kwa harufu ya jirani.

Mimi ni seremala wa Keko. Marehemu baba alifanya kazi kwenye karakana ya reli hapa Dar, na Mwingereza mmoja aliyekuwa akirudi kwao baada ya Uhuru alimwachia lundo la majarida hayo, mengi ya mwishoni mwa miaka ya 1940 na ya miaka ya 1950. Mvua za El Nino ziliyapunguza, mchwa nao wakachukua fungu lao. Yaliyosalia yamo kwenye sanduku la bati juu ya kabati, na mke wangu ameshanitishia mara nyingi kuyawashia jiko.

Nianze na vichekesho, maana mwandishi wenu alivipitia mbio.

Jalada la Februari 1951 lina mtu anayeingiza helikopta yake kwenye gereji ya nyumbani, kama sisi tunavyoingiza pikipiki sebuleni usiku. Mwandishi wenu aliishia hapo. Ndani wameeleza kwamba helikopta hiyo haina kabureta, haina mfumo wa kuwasha cheche, na inakunywa mafuta yoyote, hata mafuta ya taa! Nguvu yake inatoka kwenye vijinjini vidogo vya jeti vilivyofungwa kwenye ncha za mapanga. Jarida linasema ni vitulivu. Kampuni ya Hiller kule California ilitengeneza helikopta za namna hiyo, ikaziita Hornet, na kilichoonekana ni kwamba zinafakamia mafuta na kelele zake hazivumiliki. Fikiria Keko nzima saa kumi na mbili asubuhi kila mmoja anawasha ya kwake.

Mwaka mmoja nyuma, Februari 1950, aliandika humo humo bwana mmoja, Waldemar Kaempffert, mhariri wa sayansi wa gazeti la New York Times. Alieleza maisha yatakavyokuwa mwaka 2000 katika mji wa kubuni alioupa jina Tottenville, kwa familia ya akina Dobson. Mama wa nyumba, Jane Dobson, anafanya usafi kwa mpira wa maji. Makochi, mazulia, mapazia, kila kitu ni cha plastiki au cha kitu kisicholowa. Jane anafungulia maji sebuleni, maji yanaingia kwenye tundu lililo katikati ya sakafu, kisha anawasha hewa ya moto inakausha. Sahani za chakula haoshi: zinayeyuka kwenye maji ya moto na kwenda zake.

Nilimsomea mke wangu habari hii nikitafsiri polepole. Akauliza maswali matatu. Hayo maji yanatoka bomba gani? Sahani zikiyeyuka leo, za kesho zinanunuliwa kwa pesa ya nani? Na huyo Bwana Dobson yuko wapi wakati mwenzake anadeki?

La tatu ndilo lililonishika. Kaempffert aligeuza sakafu, akageuza sahani, akageuza hadi kunyoa ndevu (kwa dawa, si wembe), ila aliyeshika mpira wa maji akamwacha yule yule. Tena ukitazama vizuri, alichokiona hakikuwa Marekani, kilikuwa Temeke. Sakafu ya saruji inayomwagiwa maji, viti vya plastiki vinavyotolewa nje, mkeka wa plastiki unaoanikwa ukutani, haya yote tunayo na hatukusubiri mwaka 2000. Tunachokosa ni lile tundu la katikati, kwa hiyo maji tunayasukuma kwa ufagio hadi mlangoni, na jirani anapiga kelele.

Alisema pia kwamba vumbi la mbao litageuzwa chakula chenye sukari, na nguo za ndani za rayoni zilizochakaa zitanunuliwa na viwanda na kugeuzwa pipi. Hilo la nguo za ndani siligusi. Hata kuziuza tu za mtumba kumepigwa marufuku hapa kwetu, sembuse kuzimumunya. Ila la vumbi la mbao si uongo mtupu. Pale Keko wafugaji wanakuja na viroba kuchukua maranda ya kutandikia mabanda ya kuku. Maranda yangu yanaishia kwenye chipsi kuku, njia ndefu tu kidogo kuliko aliyoiwaza Kaempffert.

Kuna kimoja ambacho watu wa Kigamboni wangekipokea kwa mikono miwili, nacho si mchoro bali kilitengenezwa kweli: Amphicar, gari la Wajerumani lililoanza kuuzwa 1961, linaloingia majini na kutoka likiwa gari vile vile. Nyuma lina mapangaboi mawili madogo kama ya boti. Nchi kavu lilifika kama maili 70 kwa saa, majini kama maili 8 kwa saa, na mwaka 1965 mawili yalivuka mlango wa bahari kutoka Uingereza hadi Ufaransa. Yalitengenezwa pungufu ya 4,000 biashara ikafa. Ukilipeleka kwa fundi bodi wa Gerezani atakwambia kwa nini kabla hujazima injini: chuma na maji ya chumvi. Lilihitaji kupakwa grisi kila mara likitoka majini. Anayevuka bahari pale Magogoni asubuhi na jioni angekuwa na chumba kizima cha grisi.

Yaliyotimia sina haja ya kuyarefusha. Mwaka 1949 waliandika kwamba kompyuta za baadaye huenda zikawa na taa za vakyumu (vile vichupa vya kioo vya kuongozea umeme) 1,000 tu na uzito wa tani moja na nusu. Walikuwa wakizilinganisha na ENIAC, kompyuta ya Marekani ya wakati huo, iliyokuwa na taa 18,000 na tani 30, kwa hiyo walidhani wametabiri kwa ujasiri. Simu ya kuonana uso kwa uso ilifunguliwa kwa umma Marekani 1964, dakika tatu kutoka New York hadi Washington kwa dola 16. Mjukuu wangu yuko Mwanza, ananipigia ya namna hiyo akiwa anatafuna.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike.

Yapite majalada, yapite matangazo, ufike kurasa za nyuma. Huko hakuna helikopta. Kuna meza, kabati la zana, toroli, mtumbwi wa plaiwudi, kibao cha kushikia mbao unaporanda. Kila kitu kimechorwa kikiwa kizima, kisha kimechorwa kimefunguliwa vipande, na kila kipande kina urefu, upana na unene. Henry Haven Windsor, aliyelianzisha jarida hilo Chicago mwaka 1902, aliliwekea ahadi jaladani kwamba limeandikwa ili ulielewe, na kwenye kurasa hizo ahadi ilitimizwa. Baba alikuwa na Kiingereza cha kuunga unga. Mimi nilipoanza kuyatazama sikuwa nacho kabisa. Lakini inchi ni inchi, na mbao zetu mpaka leo tunanunua mbili kwa nne na moja kwa nane. Walikoandika mbao ya kwao niliweka mninga, mteja akikosa pesa nikaweka paini.

Kutoka huko nilipata kiti kinachogeuka ngazi: unakishika mgongo, unakipindua mbele kwenye bawaba, miguu inakuwa vidato. Nimewauzia wenye maduka Kariakoo, wale wenye rafu zinazogusa dari, na bado wanatuma watu kuulizia. Kiti hicho hakikuwahi kuwekwa jaladani na ndiyo maana mwandishi wenu hakukiona.

Mhariri, nakuomba usikilize hiki kisa cha mhariri mwenzako. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 kulikuwa na jarida jingine la namna hiyo, Modern Mechanics, na mhariri wake akiitwa Weston Farmer. Aliandika kwamba injini ya gari haiwezi kurusha ndege. Katika kijiji cha Cherry Grove, jimbo la Minnesota, alikuwepo fundi aliyejifunza mwenyewe, Bernard Pietenpol, ambaye tayari alikuwa anaruka kwa injini ya Ford Model A. Hakuandika barua ya kubishana kama mimi. Yeye na mwenzake walipanda ndege mbili wakaenda kutua karibu na ofisi za jarida. Farmer hakununa. Aliomba michoro, akaichapisha mwaka 1932 pamoja na vipimo vyote, ndege ya mbao na kitambaa yenye nguvu za farasi 40 hivi, na wapo watu wanaoiunda mpaka leo kutokana na michoro ile ile.

Nyie mngefanya nini? Nawajibia, kwa kuwa nimeona. Kila mwaka husomwa habari ya kijana wa mkoani aliyeunda ndege kwa vyuma chakavu, au mashine ya kupukuchua mahindi, au redio yake mwenyewe. Picha kubwa, kijana ameshika kifaa, pembeni kiongozi anatabasamu. Wiki inayofuata hayupo. Msomaji wa Tunduru aliyeitamani ile mashine ya mahindi hakuambiwa ngoma yake ina kipenyo gani, meno mangapi, wala mota ya nguvu gani. Ameambiwa tu kwamba kijana ana kipaji.

Wenzangu pale Keko watasema nimechanganyikiwa, kwamba mchoro ukitoka gazetini umeibwa. Wapo mafundi wanaofunika kochi kwa turubai wakiona mgeni ana simu mkononi. Nawaambia Santos-Dumont, yule Mbrazili aliyerusha ndege Paris, michoro ya ndege yake ndogo, Demoiselle, aliwaachia watu bure, na Popular Mechanics ikaichapisha 1910. Na kochi lako hilo la turubai, ndugu yangu, uliliiga kutoka kwenye katalogi ya Uturuki.

Ila mtafute mtu wa kukagua, hili nasisitiza. Majarida yale yana mambo ya kuua. Wanakwambia usafishe vipuri kwa petroli kana kwamba ni maji, wanakukatia karatasi ya asbesto kwa msumeno ndani ya nyumba bila hata kitambaa puani. Mwaka 1958 Ford walionyesha mfano mdogo wa gari la kutembea kwa kinu cha nyuklia, wakaliita Nucleon. Halikuundwa, na nawashukuru kwa niaba ya kila fundi anayelala chini ya gari pale Gerezani. Walimu wa vyuo vya ufundi vya VETA na watu wa SIDO, shirika la viwanda vidogo, wanajua kusoma mchoro na kuona hatari iko wapi. Waombeni nusu saa kwa wiki.

Nafasi mnayo. Ukurasa wa nyota za bahati unachukua nusu ukurasa kila siku, na mimi ni Ng'e, sijawahi kutajirika siku mliyosema. Sisemi muufute. Jumapili moja tu kwa mwezi upumzike.

Cha kuanzia ninacho. Mjukuu mwingine, yule anayesoma ufundi, amenichorea kile kiti cha ngazi kwa penseli kwenye karatasi kubwa, pande tatu, kwa inchi na kwa milimita, pamoja na mahali pa kuweka bawaba ili kisimbane mtu vidole. Malipo sitaki, ila ubao wa kidato cha nne muandike unene sawasawa, ni robo tatu ya inchi, si nusu. Kwa nusu kitavunjika mtu mnene akikipanda. Nitauleta ofisini kwenu Jumatatu asubuhi. Naomba mlinzi wa getini aambiwe, maana mara ya mwisho nilipofika na bomba la karatasi kwapani alinishikilia kwa maelezo mpaka adhuhuri.

Wako,
Fundi Seremala,
Keko Mwanga, Dar es Salaam