Zuhura, usipande treni niliyopanda mimi

Leiden, Uholanzi, Jumapili usiku

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi. Wazee hawajambo? Mama Kidawa na goti lake? Mimi mzima, ni baridi tu. Najua umeninunia kwa huu ukimya wa miezi minne. Ukifika utanisema mpaka uchoke, ila leo nina haraka, maana ujumbe wako umenitoa jasho. Eti ukishuka uwanja wa ndege wa Schiphol utapanda “treni yoyote ya upande huo” uje huku Leiden. Yoyote! Yoyote ndiyo niliyopanda mimi.

Stesheni iko humohumo chini ya uwanja wa ndege, hutoki nje. Treni ikaja, safi, nikaingia na masanduku yangu, bismillahi, nikakaa kutazama ng'ombe. Leiden ni robo saa hivi. Robo saa ikapita, ng'ombe wale wale. Kumbe ile ni ya kasi, ina reli yake, Leiden haipiti kabisa. Nikashukia Rotterdam, na nauli ya nyongeza juu. Basi soma ubao mpaka uone neno Leiden kwa macho yako. Wewe na miwani yako ya kuazima, sijui.

Na kadi! Unagusa unapoingia, unagusa unapotoka. Ile ya benki inatosha. Ukisahau kugusa wakati wa kutoka, wanakata pesa nyingi kuliko nauli yenyewe. Usiniulize nimejuaje.

Ukitoka stesheni twende kwa miguu, mjini si mbali. Ila angalia baiskeli, hazina huruma. Nitakupitisha kwenye mfereji wa Rapenburg, chuo chako kipo hapo tangu 1575, na nyuma yake bustani ya mimea ya 1590. Kwenye jengo la chuo kuna chumba kidogo wanakiita chumba cha jasho, wanafunzi walikuwa wakingojea humo matokeo ya mtihani. Kuta zimejaa saini, hata Mandela aliweka yake. Maliza huo uzamivu, nimeshakuchagulia pembe. Na kuta za nje, mji mzima, zimeandikwa mashairi kwa lugha mbalimbali, zaidi ya mia. Tutatafuta la Kiswahili. Tusipoliona tutalalamika.

Nafurahi unawahi tarehe 3 Oktoba. Siku hiyo mwaka 1574 Wahispania waliokuwa wameuzingira mji walikimbia, baada ya watu wa huku kutoboa matuta yanayozuia maji ili nchi ifurike na mashua zipite na chakula. Watu walikuwa wanakufa njaa. Mpaka leo asubuhi hiyo wanagawa bure mkate mweupe na haring, samaki wa chumvi asiyeona moto. Sisi watoto wa Pangani, samaki asiyeona moto! Nilikula mmoja, nikanyamaza. Utaniambia wewe.

Narudia: ubao, Leiden, macho yako. Nisingekuwa kazini ningekuja kukupokea, lakini bosi wangu... tuliache hilo.

Ndege inatua saa ngapi? Masanduku mangapi? Koti unalo, au lile la Side bado hajarudisha? Na bizari ya pilau utanifungashia, au mpaka nimpigie mama yako mwenyewe? Je, bado unaogopa ngazi za umeme? Hapo uwanjani zipo, na simu yangu nitaiacha wazi.

Wako,
Mwanaidi