Barua ya wazi kwa Mkaguzi Mkuu: kaitazame ile plagi

Mheshimiwa Mkaguzi Mkuu wa Vituo vya Afya,

Salamu, na pole na majukumu. Hii ni barua yangu ya tatu kwako. Mbili za mwanzo nilizileta ofisini kwa mkono wangu, zikagongwa mhuri wa kupokelewa, na nakala ninazo. Kwa kuwa faili limezimeza zote mbili, hii ya tatu nimeona niisome mbele za watu.

Nikukumbushe kwa ufupi. Mwaka jana niling'olewa gego kwenye kliniki ya meno ya mtaani kwetu. Kipande cha mzizi kikabaki ndani, nikaambiwa kitatoka chenyewe. Kilichotoka ni usaha. Shavu lilivimba mpaka jicho likafumba. Mheshimiwa, mimi ni mshereheshaji, mdomo ndio jembe langu. Wiki tatu nilikaa ndani nikinywa uji kwa mrija, na walioniita kwenye shughuli zao wakatafuta mtu mwingine. Huyo mwingine nasikia sasa anachekesha watu kwa vichekesho vyangu.

Lakini mzizi kukatikia ndani kunaweza kumpata hata daktari hodari, hilo sikulalamikia. Nililolalamikia ni nililoliona nikiwa nimelazwa kwenye kiti, mdomo wazi, taa usoni. Koleo lilitolewa kwenye beseni la bluu lenye maji yasiyotoa hata mvuke, likapitishiwa pamba yenye spiriti, likaingia kinywani mwangu. Aliyenitangulia alikuwa bado yuko mapokezi na pamba yake mdomoni.

Ukanijibu kwa simu kwamba mtafanya ukaguzi. Ahadi ni deni, na nakiri ulilipa, kwa namna yake. Watu wako walikuja Alhamisi. Jumatano kuta zilipakwa rangi. Sijui nani aliwapa habari, wala sisemi kuna mtu kala kitu. Ninachosema ni kwamba siku ya ukaguzi rangi ilikuwa mbichi. Beseni la bluu halikuwepo. Cheti kikabandikwa ukutani, kikubwa, chenye fremu. Ndicho wagonjwa wanachokitazama sasa wakati wanasubiri zamu.

Jumamosi iliyopita binti yangu aliamka analia jino. Utaniuliza kwa nini nilimpeleka palepale. Kwa sababu hatuna pengine, Mheshimiwa, na mtoto anayelia jino hasubiri barua zangu zijibiwe. Safari hii nilisimama pembeni ya kiti, macho kodo.

Daktari alishika simu kwa glavu, akafungua droo kwa glavu zilezile, akavuta taa, kisha akataka kutia vidole kinywani mwa mtoto. Nikamwomba abadilishe. Akabadilisha, akiguna. Beseni lilikuwa limerudi, na ndani yake koleo lenye alama ya damu kwenye meno yake, pale panaposhika jino. Nikauliza, hili limetakaswa? "Limechemshwa, mzee."

Ndipo nikaiona mashine yenyewe ya kutakasia vifaa kwa mvuke, otoklevu, iko juu ya kabati. Juu yake yamepangwa mafaili ya wagonjwa. Waya wake umekunjwa vizuri, na plagi bado imefungwa kwenye nailoni iliyotoka nayo dukani.

Nilimbeba mwanangu tukaondoka. Usiku ule alilala kwa dawa ya maumivu, mimi sikulala.

Wewe ni mtaalamu, ila nitasema, kwa sababu inaelekea kuna aliyesahau. Mashine ile hupandisha joto hadi nyuzi 121 na kulishikilia kwa dakika zisizopungua 15, au nyuzi 134 kwa dakika zisizopungua 3, na kabla ya hapo kifaa kinasuguliwa damu yote itoke. Maji yakichemka kweli yanafika nyuzi 100 tu, na kuna vijidudu vinavyostahimili hapo. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, hata kwenye tone lililokauka. Mwaka 2013 mjini Tulsa, Marekani, wagonjwa wapatao 7,000 wa daktari mmoja wa meno waliambiwa wakapime homa ya ini na virusi vya UKIMWI, baada ya wakaguzi kukuta vifaa vyenye kutu na utakasaji wa ovyo. Na kule wakaguzi waliingia na kufungua makabati.

Mimi mwenyewe baada ya lile gego nilipimwa, nikaambiwa nirudi tena baada ya miezi, kwa kuwa magonjwa hayo yanaweza kuchelewa kuonekana. Unajua miezi hiyo inavyokwenda? Mke wangu alinitengea kikombe changu. Hakusema kwa nini, na mimi sikuuliza. Majibu yalikuja salama, ila kikombe bado kiko peke yake.

Nadhani, na naweza kukosea, tatizo ni makoleo kuwa machache na foleni kuwa ndefu. Mzunguko mzima wa mashine, kupasha, kutakasa na kukausha, unaweza kula nusu saa au zaidi, na mwenye makoleo mawili na watu kumi kwenye benchi anaona ni hasara. Au anakimbia bili ya umeme. Au hakufundishwa kuitumia, na anaona haya kusema. Sitaki umfungie, maana akifungiwa tutang'oana kwa uzi. Sitaki hata umtoze faini, kwa kuwa atairudisha kwetu. Nilikuwa nimeandika madai tisa, nimeyafuta yote.

Limebaki moja. Nenda bila kupiga simu. Nenda Jumamosi saa nne asubuhi, benchi likiwa limejaa, vaa kama sisi, kaa kwenye foleni ushike shavu. Zamu yako ikifika usitazame ukuta wala cheti. Inua macho juu ya kabati, uitazame ile plagi.

Binti yangu bado hajang'olewa jino. Tunakusubiri.

Wako mtiifu,
Mshereheshaji wa mtaa